Beseni la Violeth

Luciana alikuwa na pua iliyojulikana Sumbawanga nzima, au tuseme ile Sumbawanga inayojishughulisha na plastiki chakavu, ambayo si ndogo. Kiwanda chao kilikuwa nje kidogo ya mji, mahali ambapo upepo wa Ufipa haukuti kizuizi, na humo madumu, ndoo na kila kilichopasuka majumbani huyeyushwa na kufanywa mabomba ya maji. Luciana aliketi kwenye banda la kuchambulia, sweta mwilini, kiberiti cha gesi mkononi. Alichukua kipande ambacho macho yameshindwa kukitambua, akakiunguza kona, akauzima moto, akanusa moshi. Ukinuka kama mshumaa, kipande kiliingia gunia la kulia, la kwenda kwenye mashine. Ukichoma pua, hicho ndicho walichokiita kali, nacho kiliingia gunia la kushoto kikangoje kutupwa. Kali ikijipenyeza kwenye mashine huungua wakati wenzake wanayeyuka, ikatoa moshi mweupe wa kukaba koo na kuacha madoa ya kahawia kwenye bomba.

Mwenye kiwanda alipoleta barakoa, kila mtu alipewa ya kwake. Luciana alikunja yake akaitia mfukoni mwa sweta.

"Mpishi hafungi mdomo wakati wa kuonja," alisema, na banda zima likacheka. Nestory, msimamizi wao, alicheka kuliko wote, maana pua ya Luciana ilikuwa inamtosha na haikuhitaji umeme.

Ndipo akaletwa Violeth. Alikuwa mwanamke aliyekaribia makamo, Mnyakyusa aliyehamia kutoka Mbeya, mpole, mwepesi wa mikono. Nestory alimweka chini ya Luciana ajifunze kazi. Kila asubuhi alikuja akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Luciana alimjibu, huku akimtazama kwa jicho la pembeni. Heshima ile ilimzidi kimo. Mtu anayekuheshimu kiasi hicho, aliwaza, kuna kitu anakitaka, na pale bandani kitu cha kutakwa kilikuwa kimoja tu: kiti chake yeye.

Siku moja mchana, wenzake wakiwa kwa mama ntilie, Luciana alirudi bandani kuchukua kitenge alichokisahau. Alimkuta Violeth amechuchumaa nyuma ya magunia. Gunia la kulia lilikuwa wazi mdomo. Mbele yake kulikuwa na beseni la buluu lenye maji, mkono mmoja ukikoroga taratibu, midomo ikichezacheza. Aliposikia hatua, alilifunika beseni haraka kwa kiroba kitupu.

"Unaosha nini humo?" Luciana aliuliza.

"Mikono, mama."

Mikono gani inaoshwa kwa kukorogwa? Mwongo mkubwa. Luciana alichukua kitenge chake akatoka, lakini moyo ulibaki pale pale nyuma ya magunia. Kwingine mtu angerudi akafunua kiroba, akaangalia, mambo yakaisha. Sisi wa Sumbawanga tumesemwa vya kutosha na watu wa nje, eti mji wetu una wenyewe, na wageni wakitutania tunacheka nao. Tunacheka, ndiyo. Lakini beseni la maji lililofichwa, na mtu anayelikoroga akinong'ona, hatulifunui.

Toka siku hiyo Luciana alihesabu kila kitu upya. Kifua chake kilikuwa kinabana. Akipanda kile kilima kidogo cha kwenda nyumbani alisimama mara kwa mara, akijifanya anarekebisha kitenge. Kilianza lini? Kilianza alipokuja Violeth. Ukweli ni kwamba kikohozi kilikuwapo kabla Violeth hajakanyaga Sumbawanga, ila hilo Luciana alikuwa ameshaanza kulisahau, na hakuna aliyemkumbusha.

Alikwenda zahanati. Daktari kijana alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akamuuliza maswali ambayo Luciana aliyaona ya ajabu.

"Jumapili unajisikiaje, mama?"

"Jumapili ninaimba kwaya misa yote, wala sikohoi."

"Umewahi kukaa mbali na kazi muda mrefu kidogo?"

"Nilikwenda Chala kwa shemeji yangu kupanda ulezi. Kule nilikuwa mzima kabisa, nililima kama msichana."

"Basi tatizo liko kazini," daktari alisema. "Kuna kitu pale kazini kinakuumiza."

"Najua," Luciana alisema. "Tena ninamjua."

Daktari aliinua kichwa, akadhani amesikia vibaya, akaendelea kuandika dawa ya kuvuta. Alimwambia avae barakoa, akae mbali na moshi, na ikiwezekana abadilishiwe kazi. Luciana alikuwa ameshasimama. Nusu ya kwanza ya maneno ilimtosha.

Nyumbani nako mambo hayakuwa sawa. Marselino, mume wake, alirudi jioni kutoka shambani, akasimama mlangoni kabla hata ya kuvua buti.

"Mama Fabiani, maharage yanaungua."

"Yanaungua wapi? Nimekaa hapa hapa karibu na jiko. Sema tu hutaki maharage."

Alipopakua, chini palikuwa peusi. Akaulaumu mkaa. Wiki hiyo hiyo alimlaumu mchuuzi aliyemuuzia migebuka mikavu kutoka Kipili, akisema samaki wa siku hizi wamekosa hata harufu. Migebuka hiyo hiyo ilikuwa imewaamsha paka wa jirani usingizini kwa harufu. Marselino alimtazama mkewe, akamtazama samaki, akala. Ameoa siku nyingi.

Baada ya hapo ndipo mabomba yaliporudishwa. Lori zima lilirudi kutoka kwa mteja wao, mabomba yamejaa madoa ya kahawia, mengine yamepasuka hata kabla ya kufukiwa. Nestory aliwakusanya wote uani. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Kuna kali inaingia kwenye mashine," alisema. "Mwenye kiwanda amenipigia. Anasema aliyefanya hivi aondoke leo, la sivyo niondoke mimi. Gunia la kulia linapita mikono ya watu wawili. Mama Fabiani, sema wewe. Ni wewe au ni mwenzako?"

Luciana hakuwa na kazi nyingine duniani aliyoijua kama ile, wala jina jingine lililozidi lile la pua. Alimwona Violeth amesimama mikono nyuma, macho chini, na akaona kiti chake kinasogezwa mbele ya macho yake mwenyewe.

"Kila mchana mkienda kula, huyu anabaki," alisema. "Anafungua gunia langu. Ana beseni la maji nyuma ya magunia, analikoroga na kulinong'oneza. Na mimi toka aje, kifua changu mnakiona."

Walikwenda wote kuangalia. Nestory alikivuta kiroba kwa ncha ya fimbo. Beseni lilikuwa pale, maji yametulia, vipande vingine vikielea na vingine vimelala chini. Hakuna aliyetamka neno la uchawi. Walirudi nyuma hatua moja tu, wote kwa pamoja, na neno likawa limeshasemwa.

Violeth hakulia. Alimgeukia Luciana, akauliza kwa sauti ya chini, kama mtoto anayeomba ruhusa ya kutoka nje.

"Mama, niseme?"

"Sema unachotaka," Luciana alimjibu. "Watu wameshaona."

Violeth alimtazama Nestory, akamtazama tena Luciana, muda mrefu. Kisha akafungua mafundo ya aproni yake, akaikunja vizuri na kuiweka juu ya gunia.

"Maji ni ya bombani tu," alisema. "Mama, hiyo barakoa iliyo mfukoni mwako, ivae."

Akaondoka. Hata kutembea kwake Luciana alikutilia shaka: mtu asiye na hatia huenda zake bila kelele namna ile? Usiku huo alilala akijiambia kwamba kifua kimelegea.

Hakikulegea. Haikupita wiki, mashine ikaanza kutoa moshi mweupe mwingi kuliko wakati wowote. Mabomba yalitoka na madoa manene, watu wa mashine wakakohoa hadi kushika kuta. Wengine walisema ni hasira za aliyefukuzwa. Luciana alinusa kwa bidii, kipande baada ya kipande, gunia la kulia, gunia la kulia, gunia la kushoto, na kadiri alivyonusa ndivyo moshi ulivyozidi. Asubuhi moja pumzi yake ilikatika kabisa. Alifungua mdomo na hewa haikuingia. Cleophas, kijana wa kubeba magunia, alimkokota hadi nyuma ya banda, penye pengo la bati ambapo upepo huingia, akamkalisha chini na kukimbia kutafuta maji.

Luciana alivuta ile dawa ya zahanati, akavuta tena, na hewa ikaanza kurudi kidogo kidogo. Alipofumbua macho, beseni la buluu lilikuwa mbele ya magoti yake. Hakuna aliyekuwa amethubutu kuligusa. Vumbi lilikuwa limetanda juu ya maji.

Kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kuondoka, alilitazama. Vipande vyepesi vya ndoo na madumu vilielea. Chini vilikuwa vimezama vipande vya kijivu na vya rangi ya maziwa. Luciana ameosha ulezi maisha yake yote, kwa mama yake na kwake, kabla ya kuuweka kwa ajili ya pombe: unamwaga maji, unakoroga kwa mkono, makapi yanaelea, mchanga na mawe yanakaa chini. Alikuwa anatazama ulezi ukioshwa. Plastiki nzuri huelea. Kali huzama. Violeth alikuwa anaosha gunia la kulia, basi, na kutoa mawe kadiri mapumziko ya mchana yalivyomruhusu, midomo ikiyahesabu.

Alitumbukiza mkono, akatoa kilichozama. Kona ilikuwa imeungua. Akatoa kingine, nacho kona imeungua. Vyote vilivyozama vilikuwa na kona nyeusi, kila kimoja pembeni upande wa kushoto, kama anavyounguza yeye na hakuna mwingine. Kiberiti chake kilikuwa kimevigusa. Pua yake ilikuwa imevinusa. Mkono wake ndio uliovitia gunia la kulia.

Aliwasha kiberiti, akaunguza kipande cha kijivu, akauleta moshi puani. Macho yalimchoma, lakini macho yalikuwa yanamchoma kutwa nzima toka lini, alishaacha kuyasikiliza. Puani hapakuja kitu. Akaunguza cha ndoo. Hapakuja kitu pia. Hapakuwa na mshumaa, hapakuwa na ukali, palikuwa na joto tu. Akakumbuka maharage. Akakumbuka migebuka, na uso wa Marselino. Luciana aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, kisha ikaja hofu iliyokuwa mbaya kuliko aibu, kwa sababu alikumbuka swali la Violeth: Mama, niseme? Kumbe Violeth alikuwa anaomba ruhusa ya kumvua yeye nguo mbele za watu, na hata alipoambiwa aseme alichagua kumfunika.

Alikwenda kwa Nestory akiwa bado anashika ukuta.

"Nestory, mwanangu, pua yangu imekufa. Moshi umeiua, na kifua ni huo huo moshi. Kali yote ilipita kwangu. Yule mwanamke alikuwa ananisafishia makosa yangu kwa maji, na mimi nimemsingizia."

Nestory alifunga mlango wa ofisi.

"Mama, jambo hili limeshapita," alisema. "Watu wametulia, wanajua aliyeleta balaa ameondoka. Nikisema ni moshi, kesho kila mwenye kikohozi atakuja hapa na kifua chake. Wewe nenda kapumzike. Nitamweka Cleophas anuse kwa sasa, ana pua changa."

"Cleophas! Usimpe kiberiti. Weka beseni. Wachambue kwa maji, na wavae barakoa wote."

"Beseni lile?" Nestory alicheka kidogo, cheko lisilo na furaha. "Nani atalishika, mama? Wewe mwenyewe ndiye uliyetuambia ni la nini."

Njia iliyokuwa salama kwao wote Luciana alikuwa ameitia uchafu kwa mdomo wake, na watu wangekubali kunusa sumu kuliko kuchovya mkono kwenye maji ya bomba. Alirudi nyuma ya banda, akamwaga maji, akavitia vipande vile vyenye kona nyeusi ndani ya beseni, akajitwisha. Akapita katikati ya ua. Watu walimpisha. Walirudi nyuma hatua moja, wote kwa pamoja, na safari hii hatua ile ilikuwa ya kumkimbia yeye. Alijua maana yake. Ilimuuma kifuani, mahali pale pale penye moshi.

Violeth alikuwa amekwenda kwa dada yake huko Laela. Luciana alipanda gari, beseni mapajani, na abiria wa karibu naye walikaa wakiwa wamejikunja. Laela ilikuwa imechangamka kama kawaida, magunia ya mahindi kando ya barabara, wanunuzi na mizani zao, mabasi yakisimama na wauzaji wakiyakimbilia madirishani. Kulikuwa na akina mama wanaouza uji wa ulezi na mihogo ya kukaanga, na kila benchi lilikuwa limejaa, isipokuwa moja. Nyuma ya benchi hilo tupu alisimama Violeth, sufuria imejaa, vikombe vyote vimepangwa safi, vikavu.

Maneno ya kiwandani yalikuwa yamemtangulia Violeth, basi. Maneno hayahitaji kukata tiketi.

Luciana alivuka barabara, akaliweka beseni chini, akaketi kwenye lile benchi. Wanunuzi wa mahindi waligeuza vichwa. Mtu wa mizani aliacha kupima.

"Shikamoo, mama," Violeth alisema. Goti lilikunjwa vile vile kama zamani.

Luciana alishindwa kuitika.

"Nipe uji," alisema.

Violeth hakusogea. "Mama, watu wanatazama. Ukinywa kwangu, na wewe watakusema."

"Wameshaanza. Nipe."

Violeth alichota, akampa kwa mikono miwili, kisha akasita bila kukiachia kikombe. Aliinama akasema kwa sauti ya kusikika na wao wawili tu.

"Umeungua kidogo, mama. Nilikuwa nimekaa na mawazo, ukashika chini. Unanuka. Usubiri nikupikie mwingine."

Luciana alikileta kikombe puani. Alivuta hewa yote ambayo kifua kilimruhusu. Mvuke ulimpiga usoni, moto na unyevu, basi.

"Mimi sisikii," alisema, na akaipandisha sauti hadi kikohozi kikamkata, akangoja kipite, akaendelea, maana alitaka mpaka yule wa mizani asikie. "Sisikii harufu yoyote! Pua yangu imekufa kwa moshi wa kiwanda, na kifua kinakwenda huko huko. Huyu alilijua hilo kabla yangu, akanifichia aibu. Maji yake yalikuwa maji. Mimi, Luciana, nimemsingizia kwa sababu niliogopa kiti changu. Aliyesikia maneno yangu ya kwanza asikie na haya."

Barabara nzima haikunyamaza. Basi lilikuwa linapiga honi, na mwanamke mmoja aliendelea kutangaza mihogo. Lakini kwenye mabenchi ya karibu watu walikuwa wameshusha vikombe, na Violeth alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya kitenge.

"Kwa nini hukusema pale?" Luciana aliuliza.

"Mmoja wetu ilikuwa lazima atoke, mama. Na wewe ndiye uliyenifundisha kazi." Akajifuta. "Na sasa nani ananusa?"

"Cleophas."

Violeth aliteremsha kitenge usoni. Alilitazama beseni la buluu, akazitazama zile kona nyeusi zilizolala ndani yake, akaanza kuvifunga vikombe vyake haraka haraka ndani ya kitambaa, vikavu kama vilivyokuwa.

"Kunywa upesi," alisema. "Gari la kurudi Sumbawanga linajaza pale. Twende kabla yule kijana hajaua pua yake."

Luciana alikunywa. Alikunywa mpaka chini, mpaka kwenye ule ulioungua, watu wakimtazama, na hakusikia kitu.